Geji, kijiti, saa au mita: kipi cha kuamini ukirusha ndege ndogo?

Mwenye gari akiishiwa mafuta anapiga simu, bodaboda inamletea lita tano kwenye dumu, safari inaendelea. Rubani wa Cessna 172 ambaye injini imemzimikia futi 3,000 juu ya Tsavo ana dakika nne hivi za kuchagua pa kutua, na hapati nafasi ya kuchagua mara ya pili.

Usidhani ni kosa la wanafunzi. Bodi ya Taifa ya Usalama wa Usafiri ya Marekani, NTSB, ilitoa tahadhari mwaka 2017 ikieleza kwamba kati ya 2011 na 2015 ajali zilizotokana na matatizo ya usimamizi wa mafuta zilikuwa zaidi ya 50 kwa mwaka kwa wastani. Asilimia 95 kati yake rubani alikuwa na mchango. Hitilafu za vifaa ni asilimia 5 tu. Na karibu nusu ya marubani hao walikuwa na leseni ya biashara au ile ya juu kabisa ya kurusha ndege za abiria. Ni watu wanaojua hesabu. Tatizo ni namba waliyoianzia hesabu.

Kwa hiyo ulinganisho huu ni wa njia nne za kuijua namba hiyo, yaani mafuta yaliyomo, kwa anayekodi au kumiliki ndege ya injini ya pistoni: Cessna 172, 182 na 206, Piper Warrior na jamaa zake. Nitaweka wazi tangu mwanzo kwamba kwangu njia hizi hazilingani. Kuna mbili za lazima, moja ya kununua ukiwa na uwezo, na moja ambayo ina kazi moja tu, lakini kazi hiyo hakuna nyingine inayoiweza.

Geji

Hii ndiyo inayotazamwa zaidi na ndiyo yenye sifa mbaya zaidi. Kwenye Cessna nyingi za zamani, ndani ya tangi kuna boya kwenye mkono wa waya. Mafuta yakishuka boya linashuka, na sindano kwenye dashibodi inafuata. Ukiingia kwenye mawimbi ya hewa mafuta yanacheza na sindano inacheza nayo. Ukikunja kona, yanakimbilia upande. Ukikaa robo saa unaitazama geji ya namna hiyo mchana wa joto juu ya nyika, utaona robo tangi, nusu, robo, kisha nusu tena.

Kuna maneno yanayorudiwa sana vilabuni kwamba sheria ya Marekani inadai geji iwe sahihi tangi likiwa tupu tu. Si kweli. Kanuni ya utengenezaji iliyotumika kwa ndege hizi ilitaka geji isome sifuri pale yanapobaki mafuta yasiyoweza kutumika, na kanuni ya urushaji inataka geji inayoonyesha kiasi kilichomo katika kila tangi. Lakini maneno hayo yamewapa watu kisingizio cha kuruka na geji mbovu miaka na miaka.

Hata hivyo geji ina jambo moja ambalo nyingine zote hazina: inapima tangi lenyewe, mkiwa angani. Kifuniko cha tangi kikiwa hakijakaa sawa juu ya bawa la Cessna, hewa inayopita juu ya bawa inayavuta mafuta nje, na kutoka kwenye kiti chako huoni chochote kwa sababu bawa liko juu ya kichwa. Saa haitakwambia. Mita haitakwambia. Geji itakwambia. Kanuni yangu ni hii: geji ikionyesha mafuta mengi kuliko hesabu, iache na ufuate hesabu; ikionyesha machache kuliko hesabu, iamini na uanze kutafuta kiwanja.

Kijiti

Unapanda ngazi, unafungua kifuniko, unatumbukiza kijiti hadi kigonge chini, unakitoa na kusoma palipolowa. Hakuna umeme wala betri. Kama ni cha mbao, soma mara moja, kwa kuwa avgas, petroli ya ndege, hukauka upesi na kwenye jua la saa saba alama inapotea ukiwa bado unatafuta kalamu. Vile vya bomba la plastiki linaloonekana ndani ni bora: unaziba tundu la juu kwa kidole gumba kabla ya kukitoa, mafuta yanabaki ndani ya bomba kama kwenye mrija, unasoma kwa raha.

Kijiti cha ndege moja ni cha aina hiyo tu, na vipimo vyake viandikwe kwa kujaza tangi tupu kidogo kidogo, si kwa kukisia. Ndege isimame mahali tambarare. Kwenye viwanja vya changarawe vilivyoinama upande, tangi la chini litaonekana limejaa na la juu litaonekana nusu. Pima yote mawili, ujumlishe, na hata hapo jumla iwe ya tahadhari. Udhaifu mwingine ni mafuta yakiwa kidogo: mabawa yameinuka kuelekea ncha, mafuta yanalala upande wa ndani, na kwa Piper hasa kijiti kinaweza kutoka kikavu ilhali yamo. Hilo si hatari, kwani kosa linaelekea upande wa usalama.

Ukiwa huko juu ya ngazi unapata pia jibu la swali lingine: ni mafuta gani haya? Avgas 100LL ina rangi ya bluu. Jet A-1 ni ndugu wa mafuta ya taa, haina rangi hiyo, inateleza vidoleni, na harufu yake unaijua tangu nyumbani. Viwanja vingi vya bara vina Jet A-1 kwa ajili ya Cessna Caravan, ndege ya injini ya turbini, bila kuwa na tone la avgas, na kijana wa pampu akikuuliza tu "nijaze?" usimwache peke yake.

Halafu kuna vipimo. Vitabu vya Cessna na Piper vinaongea kwa galoni za Marekani, pampu zetu zinauza kwa lita, uzito unaupiga kwa kilo au ratili kutegemea nani alikufundisha. Galoni moja ya Marekani ni lita 3.785, lita moja ya avgas ni kama kilo 0.72. Andika namba hizo mbili kwenye kijiti chenyewe. Tarehe 23 Julai 1983 Boeing 767 ya Air Canada ilikauka mafuta angani baada ya geji zake kufa na mafuta kupimwa kwa vijiti. Vijiti vilisema kweli. Waliokuwa chini walizidisha lita kwa 1.77, ambayo hutoa ratili, wakaichukua kama kilo, na ndege ikaondoka na chini ya nusu ya ilichohitaji. Rubani aliitua bila injini kwenye uwanja wa zamani wa jeshi pale Gimli, Kanada, na wote 69 walipona. Kama lilitokea kwa wataalamu wa shirika kubwa, wewe na kikokotoo cha simu yako mnaweza pia.

Saa

Njia hii ni rahisi kiasi cha kudharauliwa: unajua ulianza na lita ngapi, unajua injini inakunywa lita ngapi kwa saa, unatazama saa ya mkononi. Ubaya wote umejificha katika hiyo "injini inakunywa ngapi".

Kitabu kitakwambia Cessna 172S inatumia galoni 9 hivi kwa saa, yaani kama lita 34. Namba hiyo ni ya ndege mpya, kwa nguvu fulani ya injini, katika mwinuko fulani, na kishikio chekundu cha mikscha, kinachopanga mchanganyiko wa mafuta na hewa, kimerudishwa nyuma kupunguza mafuta kama inavyotakiwa. Ukiruka kutoka Wilson, uwanja wa Nairobi, ambako ardhi yenyewe iko zaidi ya futi 5,500, na ukaacha mikscha mbele kabisa kwa woga, injini hiyo hiyo inakunywa zaidi sana na haikupi nguvu yoyote ya ziada.

Namba ya kweli unaipata kwa njia moja. Jaza matangi hadi juu, ruka kama unavyoruka siku zote, rudi ujaze tena ndege ikiwa imesimama palepale, kisha gawanya lita za risiti kwa muda. Rudia kwa safari kadhaa, fupi na ndefu. Na muda uwe ule wa Hobbs, kihesabu saa cha kwenye ndege, au wa saa yako. Mita ya mizunguko ya injini huenda polepole nguvu ikiwa ndogo, kwa hiyo ukichanganya hizo mbili, hesabu ya muda uliobaki inaweza kukupendelea.

Ndege ya kukodi inayorushwa na watu kumi ina matumizi kumi. Hapo chukua namba ya mbaya wao.

Mita ya mtiririko

Hii ni kifaa kidogo kinachokaa kwenye bomba la kuelekea injini na kuhesabu mafuta yanayopita. Kioo kinakuonyesha unatumia lita ngapi kwa saa sasa hivi, umekwisha kutumia ngapi, na zikiunganishwa na GPS zinakuambia utatua ukibakiwa na ngapi. 172S zenye dashibodi ya vioo ya Garmin G1000 zinayo tayari. Ikisharekebishwa vizuri, katika kuhesabu kinachochomwa hakuna kinachoishinda, na inakufundisha mikscha kuliko mwalimu yeyote: unavuta kishikio, unaona namba ikishuka.

Lakini haijui kilichomo kwenye tangi. Inajua ulichoiambia. Ukibonyeza kitufe cha "yamejaa" wakati aliyetangulia alijaza pungufu ya lita 40, itakuonyesha kwa usahihi wa kupendeza mafuta ambayo hayapo. Na kinachovuja kabla ya kuifikia haikioni.

Kwa mmiliki anayeruka safari ndefu ningesema nunua, hata kabla ya redio mpya. Kwa anayekodi mara moja kwa mwezi kuzunguka Dar, Bagamoyo na Zanzibar, kijiti na saa vinatosha kabisa. Fedha hiyo ilipie masomo. Kwa mwenye ndege ambayo geji zake zimekufa na anayedhani mita itazifidia: tengeneza geji kwanza.

Ujaze pomoni au hadi kwenye kichupo?

Wengi watajibu bila kufikiri kwamba mafuta hayazidi ila ndege inapoungua. Tuweke kwenye safari halisi: Wilson hadi Manda, kiwanja cha Lamu, maili za bahari kama 250. Ndege ni 172S, kasi noti 115 (maili za bahari 115 kwa saa), upepo wa mashariki wa noti 20 usoni kama ilivyo kawaida ukielekea pwani. Kasi juu ya ardhi inabaki 95, muda ni saa 2 na dakika 38. Kwa lita 34 kwa saa, pamoja na lita 6 za kuwasha, kutembea na kupaa, unafika umetumia kama 96.

Tangi la 172S lina kichupo cha chuma shingoni. Ukijaza hadi hapo kila upande, unapata galoni 35 badala ya 53 zinazotumika. Ndege iliyokodiwa yenye uwezo wa kubeba kilo 400, watu na mafuta pamoja, inaonekana hivi:

| | Matangi yamejaa | Hadi kwenye kichupo |
|---|---|---|
| Mafuta yanayotumika | lita 200 | lita 132 |
| Uzito wake | kilo 144 | kilo 95 |
| Muda wa kukaa angani | saa 5 na dakika 53 | saa 3 na dakika 53 |
| Inayobaki kwa watu na mizigo | kilo 256 | kilo 305 |
| Yaliyobaki ukitua Manda | lita 104 | lita 36 |

Ukijaza, mko watatu na mabegi madogo. Ukiacha kwenye kichupo, mnaweza kuwa wanne wembamba wasio na mabegi, na unafika na akiba ya saa moja na kidogo, lakini kurudi nyumbani kunategemea avgas uliyohakikishiwa kwa simu siku moja kabla. Uliyejaza unaweza kurudi bila kujaza: upepo sasa uko mgongoni, kasi 135, saa 1 na dakika 51, lita 63 na nane nyingine za kupaa kutoka usawa wa bahari hadi juu ya nyanda. Jumla ya kwenda na kurudi ni 167. Zinabaki 33, saa moja kasoro. Sheria imeridhika. Mimi siridhiki, kwa sababu hesabu yote imesimama juu ya upepo ambao hautatii, na Wilson ikifungwa na mawingu ya asubuhi sijui hizo 33 zitanifikisha wapi na bado zibaki.

Chaguo langu kwa safari hiyo ni watu watatu, matangi yamejaa, na kutua Malindi au Mombasa kuongeza mafuta wakati wa kurudi ikiwa yapo. Watu wanne wakisisitiza, basi si ndege ya safari hiyo. Tafuta 206, ambayo hubeba galoni 88 zinazotumika, na ukubali kwamba inakunywa karibu lita 57 kwa saa. Wilson mchana wa joto 172 iliyojazwa watu wanne inapaa kwa kujikokota, kwa hiyo hata bila hoja ya mafuta jibu ni lile lile.

Matangi yote pamoja au moja moja

Ile tahadhari ya NTSB inatenganisha vitu viwili. Asilimia 56 ya ajali hizo matangi yalikuwa makavu. Asilimia 35 mafuta yalikuwamo lakini injini haikuyapata, na mara nyingi ni kwa sababu rubani alikuwa kwenye tangi lililokauka huku la pili lina kitu.

Hapa Cessna ina nafuu. Kishikio chake cha kuchagua matangi kina kushoto, kulia na yote mawili, na kwa kawaida unakiacha kwenye yote mawili. Piper Warrior haina nafasi hiyo: unachagua kushoto au kulia, na kubadilisha ni kazi yako. Watu wa Piper hubadilisha kila nusu saa, dakika ikiwa kwenye nusu ya kulia ya uso wa saa mafuta kutoka tangi la kulia, ikiwa kushoto la kushoto. Utaratibu huo una faida ambayo mwenye Cessna hana: unajua kwa karibu kila tangi limetumika kiasi gani. Pia mwenye Cessna akiegesha kwenye mteremko na kishikio kiko kwenye yote mawili, mafuta yanahama polepole kwenda bawa la chini na mengine kumwagika kupitia tundu la hewa. Kitabu kinataka ukiache kwenye upande mmoja. Ukichagua ndege ya kwanza ya kumiliki, mimi ningechukua nafuu ya Cessna. Mwalimu aliyekulia kwenye Piper atabisha, na ana hoja.

Mahali kishikio kilipo nako kuna maana. Mwanamuziki John Denver alikufa tarehe 12 Oktoba 1997 katika ghuba ya Monterey, California, akirusha Long-EZ, ndege ndogo iliyoundwa na mtu binafsi, aliyoipata muda mfupi kabla. Aliyeiunda alikiweka kishikio nyuma ya bega la kushoto la rubani, na vioo vya kuonyesha kiasi cha mafuta vilikuwa nyuma ya kiti. Denver alipewa kioo cha kujitazamia ili avione, akakataa kuongezewa mafuta kwa kuwa angekuwa angani kwa muda mfupi. Wachunguzi walihitimisha kwamba alipojigeuza kukifikia kishikio aliisukuma pedali ya kulia bila kukusudia. Kabla ya kukodi ndege usiyoizoea, kaa kitini, funga mkanda, fumba macho, na uguse kishikio cha matangi.

Nusu saa au saa nzima

Kiambatisho cha 6 cha ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, na kanuni za Marekani vinakubaliana: kwa kuruka kwa kuona, akiba ya dakika 30 mchana na 45 usiku. Taasisi ya usalama ya AOPA, chama cha wamiliki na marubani wa ndege cha Marekani, inapendekeza saa nzima.

Kwa 172S, dakika 30 ni lita 17. Gawa kwa mabawa mawili: nane na nusu kila upande, zimetandazwa kwenye sakafu pana ya tangi. Ukiiteleza ndege kwa upande ili kupoteza mwinuko, mafuta yanaukimbia mdomo wa bomba na injini inavuta hewa, fainali ya kutua, chini ya futi 500. Nikiwa na lita 34 kitu hicho hakinisumbui. Ndiyo maana nusu saa kwangu ni mpaka wa sheria, na saa nzima ni mpaka wa kuruka.

Mahesabu yakianza kukataa mkiwa angani, kuna semi mbili za redio ambazo ICAO ilizifafanua mwaka 2012, na hazifanani. "MINIMUM FUEL" humjulisha mwongoza ndege kwamba umeshaamua kutua uwanja fulani na ucheleweshaji wowote utakuletea matatizo, haikupi kipaumbele. "MAYDAY MAYDAY MAYDAY FUEL" ni dharura kamili, na unaisema unapoona utatua ukiwa na chini ya akiba ya mwisho (ile ya sheria), bila kungoja injini ianze kukohoa. Wengi huogopa karatasi zitakazofuata, wakasema ya kwanza walipohitaji ya pili. Kwenye kiwanja cha mbugani kisicho na mnara hakuna wa kukupa kipaumbele hata ukiitaja ipi; hapo tangazo lako ni la kuwaambia waliomo kwenye mzunguko kwamba wewe huzunguki, unaingia moja kwa moja.